Dada Fundi, Niwekee Zipu Tu

Ukitaka kufanya jambo kwa siri mtaani Pasiansi, jijini Mwanza, usinunue cherehani. Redio utaipunguza sauti, mtoto utambembeleza anyamaze, lakini cherehani ya kukanyaga ikianza kazi usiku, wa juu maweni anasikia na wa chini bondeni anasikia. Asubuhi mtu anakusalimu, "Mwangaluka, dada fundi," huku mkono mmoja kauficha mgongoni. Mkono huo umeshika suruali, na zipu ya suruali hiyo imeshakata roho.

Nieleweke: mimi si fundi. Mchana nakaa ofisini na vitabu vya hesabu za watu. Jioni nabuni nguo kwa kujifurahisha. Nina daftari la michoro, na humo ndani kuna gauni la mabega ya kupanda, koti la kitenge lenye bitana ya khanga, sketi ya kukatwa hanamu inayomwagika kuanzia kiunoni. Mtaani hakuna aliyewahi kuomba kuliona. Wanachojua ni kwamba nina sindano, na sindano ikishaingia mtaani ni mali ya umma.

Chanzo cha mateso yangu nakifahamu: ni mwaka 1846. Mwaka huo Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani yenye sindano ya tundu kwenye ncha. Mwaka huohuo, kule Helmond, Uholanzi, kikaanzishwa kiwanda cha Vlisco, ambacho kwa kuiga batiki za Indonesia kilikuja kusambaza vitambaa vya nta Afrika. Mmoja kaleta mashine, mwingine kaleta kitambaa. Hakuna aliyewaza kwamba watakutana sebuleni kwangu, nami niwe katikati.

Pisi kamili ya kitenge ni yadi 6. Kwangu hufika yadi 2, zikisindikizwa na simu. Ndani ya simu kuna picha ya msanii amevaa gauni la mkia mrefu, mkia ambao peke yake umekula yadi 4. "Kama hili, dada. Hata ukipunguza kidogo si mbaya." Jirani mmoja aliniletea kitenge cha ndege. Sasa, kitenge cha ndege kina juu na chini. Kila kipande lazima kikatwe kikitazama upande mmoja, na hapo ndipo kitambaa kinapoisha. Nikamwambia yadi hazitoshi. Akasema nikate tu, Mungu atasaidia. Nikakata. Ndege wa mbele wakaruka kwenda mbinguni, wa mgongoni wakaning'inia vichwa chini. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akaenda na gauni hilo kwenye sherehe ya kumuaga binti wa watu, na Jumatatu wakaja wanawake mlangoni wanataka "ule mshono wa ndege wa kupinduka". Mchoro wangu wa mabega ya kupanda bado uko daftarini, unasubiri bahati kama hiyo.

Kipimo nacho kina siasa zake. Ukimzungushia mtu futi kiunoni, anaacha kupumua. Tumbo lote linahamia kifuani, nawe unaandika namba ya mtu ambaye hayupo. Unamwambia, "Pumua, dada," anajibu kwa jicho. Mmoja wa hao alivaa gauni lake harusini akiwa amependeza kweli. Ubwabwa ukapita, soda ikapita, na bibi arusi hajakata hata keki zipu ikasalimu amri. Kesho yake kaja kunieleza kwamba kitambaa kimesinyaa kwa kufuliwa. Gauni halijawahi kuona maji tangu lizaliwe.

Wanaume nao huleta mitumba. Mtu anatoka soko la Mlango Mmoja na suruali nzuri, bei nzuri, ila imeshonwa kwa ajili ya Mholanzi wa mita 2. "Punguza chini kidogo." Ukipunguza chini hicho kidogo, magoti ya suruali yanabaki kwenye miundi ya mwenyewe. Ukimweleza kwamba goti nalo lina mahali pake, anakwambia goti halionekani.

Kuhusu malipo, ziwa liko karibu. Nimelipwa sato, nimelipwa dagaa, nimelipwa "Mungu atakulipa". Sato sina ugomvi nao. Shida ni kitambaa kinachosafiri mfuko mmoja na dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba. Unakifua, unakianika, unakipiga pasi, na mvuke wa kwanza unakurudisha mwaloni. Blauzi moja ya namna hiyo ilitoka kwangu imekamilika, lisani limenyooka, vifungo vimekaa. Mwenyewe akaivaa kwenda ibadani, akafuatwa na paka hadi barabara ya uwanja wa ndege.

Wapo pia wenye uthubutu. Jirani mwingine alitaka dera la chuichui kuanzia shingoni hadi vidoleni. Nikamkumbusha kwamba tunaishi kwenye kata yenye chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu 1966. Akasema na aje huyo askari. Lilimkaa vizuri, na kwa kweli ndiyo nguo pekee mwaka huo niliyoifurahia kuanzia mkasi hadi pindo, kwa sababu alileta kitambaa cha kutosha na akapumua nilipompima.

Basi msomaji, kama unapita Pasiansi na ukasikia mlio wa cherehani, karibu. Njoo na kitambaa cha kutosha, uzi wa rangi yake, na kiuno chako halisi. Dagaa wape mfuko wao. Zipu nitakuwekea, nimeshakubali yaishe, ila kwanza utakaa ufunue daftari langu ukurasa kwa ukurasa, na useme neno jema walau kuhusu koti. Usiniulize tu nguo itakuwa tayari lini. Fundi ana tarehe ya kukudanganya. Mimi nashona kwa raha zangu, hata hiyo tarehe sina.