Mheshimiwa Mkurugenzi, leo niumwe ugonjwa upi?

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa bima ya afya ninaouchangia.

YAH: MAOMBI YA KUWA WATU WAWILI

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Morogoro, mwanachama wenu mtiifu. Nina ugonjwa wa Parkinson na nina saratani ya tezi dume. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba nipatiwe kadi ya pili, yenye jina la mtu wa pili, ili huyo aichukue saratani. Mimi nitabaki na kutetemeka.

Sababu ya maombi haya ni mfumo wenu. Kliniki yangu ya mishipa ya fahamu na ile ya njia ya mkojo ziliangukia siku moja, jengo moja. Nikaona Mungu kanihurumia, nauli itakuwa moja. Nilipotoka kwa daktari wa kwanza na kupanda ngazi kwa wa pili, kadi ikagoma. "Mzee, imeshatumika leo," akasema binti wa kaunta. Nikamweleza kwamba tezi yangu haijaguswa na mtu tangu asubuhi. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo baba, mimi nakuelewa, ila mfumo unajua umeshatibiwa."

Simlaumu binti, wala siwalaumu ninyi. Mtu mmoja, siku moja, ugonjwa mmoja: ni utaratibu safi. Aliyekosea ni mwili wangu, uliopokea wageni wawili bila kibali chenu.

Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba wageni hawa hawajaambiwa kuwa wana mafaili tofauti. Wanatembeleana. Kila baada ya miezi 3 nachomwa sindano tumboni ya kuzima homoni ya kiume, kwa kuwa ndiyo inayolisha saratani ya tezi. Sindano inafanya kazi yake, nakiri. Vilevile inanipandisha joto la ghafla usiku wa manane hadi shuka inalowa, na mke wangu, Mama Rehema, ananikaribisha kwa bashasha katika chama ambamo yeye alishatoka miaka mingi iliyopita. Hilo tunacheka. Lisilochekesha ni kwamba sindano hiyohiyo hudhoofisha mifupa, na Parkinson huangusha watu. Niliomba kipimo cha mifupa. Upande wa saratani ukasema kuanguka ni mambo ya mishipa ya fahamu. Upande wa mishipa ukasema mifupa ni mambo ya sindano. Wote walisema kweli, na kipimo hakikufanyika.

Mkojo nao una kesi hiyohiyo. Huku wanasema unanikimbiza kwa sababu ya tezi, kule wanasema ni Parkinson. Mimi nasubiri hukumu nikiwa nimesimama mlango wa choo.

Nilipolazwa mwaka jana nikawa natapika, muuguzi mmoja mwenye roho nzuri alinijia na sindano ya metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika inayojulikana mno mawodini. Ubaya wake ni kwamba huziba dopamini kwenye ubongo, ile ile ambayo vidonge vyangu vya levodopa vinahangaika kuirudisha. Aliyemzuia ni Mama Rehema. Anabeba daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na humo ameandika kwa kalamu nyekundu dawa nisizotakiwa kupewa, saa za kumeza vidonge, na kwamba nisivimeze pamoja na maharage wala nyama kwa kuwa protini huvichelewesha. Tarehe za sindano zimo pia, ukurasa unaofuata. Mheshimiwa, mmetumia fedha nyingi kujenga mfumo wa kompyuta. Mahali pekee katika nchi hii ambapo magonjwa yangu mawili yamewahi kukutana kwenye karatasi moja ni katika daftari hilo. Iwapo mtatangaza zabuni, yeye yuko tayari.

Sasa nije kwenye suala la saini. Fomu yangu ya dawa imerudishwa kwa maelezo kwamba "saini hailingani na kielelezo". Ni kweli hailingani. Parkinson hufanya mwandiko uwe mdogo: jina langu la kwanza linaanza na heshima zake, la ukoo linaishia kama safu ya sisimizi. Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza kuumba herufi, kwa hiyo hakuna anayeiona aibu hiyo vizuri kuliko mimi. Lakini kuniambia nithibitishe kwa saini isiyotetemeka kwamba nahitaji dawa ya kutetemeka, hapo nawavulia kofia. Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817. Naona fomu yenu haijapata nakala.

Kuhusu taarifa ya ofisa wenu kwamba "mteja alionyesha uso wa hasira": ugonjwa huu hukaza misuli ya uso. Siku ile nilikuwa natabasamu.

Msidhani niko peke yangu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwapata wazee wenye Parkinson ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wanaumwa. Watu kama hao huambiwa ni uzee, au ni mkono wa mtu. Kwenu hao ni wanachama bora kabisa, hawajawahi kudai kitu.

Dawa inapokosekana dirishani, jirani yangu hunishauri nitafune mbegu za upupu. Nilimcheka mpaka daktari aliponiambia kwamba upupu kweli una levodopa ndani yake, ila hakuna anayeweza kujua mbegu moja imebeba kiasi gani, kwa hiyo nisithubutu. Sithubutu. Lakini umeota nyuma ya choo changu, hauhitaji saini, na haujawahi kuniambia mtandao uko chini.

Endapo kadi ya pili haiwezekani, naomba vitu vidogo. Ruhusuni kliniki mbili kwa siku moja kwa mwenye magonjwa mawili. Pokeeni alama ya kidole, kwa subira, kidole kitatulia. Na kwenye mlango wa ofisi yenu, ambapo miguu yangu huganda kila mara na watu nyuma yangu kuanza kuguna, bandikeni mistari ya solatepu ya rangi sakafuni. Mtu wa Parkinson akiona mstari wa kuuvuka, mara nyingi mguu huinuka. Ni roli moja ya solatepu. Nipo tayari kuinunua na kuleta risiti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Morogoro.

Nakala: Kliniki ya mishipa ya fahamu. Kliniki ya njia ya mkojo (tafadhali itumwe siku nyingine, isije ikakataliwa).

Saini sikuiweka. Mkiihitaji, mtumeni ofisa nyumbani, saa moja hivi baada ya mimi kumeza kidonge cha asubuhi. Chai ipo.