Heri Faru wa Moru

Ukitaka kuuguzwa nyumbani kwako Serengeti, omba uzaliwe faru. Faru wa Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ana walinzi wanaojua alikolala na alikoamkia. Mnyama akinaswa na waya wa jangili, daktari humfuata porini na sindano ya usingizi. Hakuna anayemwambia apande bodaboda hadi hospitalini Mugumu, na asisahau daftari.

Bibi wa kijiji kilichopakana na hifadhi, mwenye presha na mguu uliopooza, naye ana muuguzi wa nyumbani: mkamwana wake. Hana sare, hana posho, hana likizo, na bajeti haimjui.

Nenda Tarime, hadithi ni hiyohiyo. Ila vuka mpaka pale Sirari uingie Isebania. Kule, Mkurya wa ukoo uleule ameahidiwa mgeni wa afya mwenye mkoba. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu ya Serikali Kuu, nusu ya kaunti.

Nasi Watanzania si watu wa kushindwa na jirani. Januari 2024 tukazindua mpango wa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Tumewapita! Tena idadi yetu haina hata sifuri moja, dalili kwamba aliyehesabu alikuwa makini.

Bibi naye ni makini wa hesabu. Yeye anamtaka mmoja tu. Hao 137,293 waliobaki, wapelekeni mnakotaka.