Sifa za Jipu la Kifandugu

"Karibu kiti," husema Mswahili kabla hata hajakuuliza umetoka wapi. Kwa miezi miwili hapa Juba nilijibu, "Asante mama, nasimama tu," na heshima yangu ikapanda. Mama muuza chai chini ya mwarobaini aliniona mnyenyekevu. Wanaonidai waliniona nina safari. Kumbe sifa zote hizo nilichumiwa na jipu lililojenga juu kidogo ya mfereji wa makalio, mlangoni pa kifandugu, na ni haki sasa nalo lisifiwe.

Kwanza, lina nasaba. Mwaka 1880 daktari wa Boston, Hodges, alilipa jina la Kilatini lenye maana ya kiota cha nywele. Kiota ndicho hasa: unywele uliokatika huteremka mferejini, makalio yakausugua, jasho likaulainishia ngozi, ukatoboa na kuzama, wenzake wakafuata. Limekwenda hata vitani. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lililaza askari karibu 80,000 kwa ajili yake, madaktari wakaliita ugonjwa wa Jeep, kwa jina la gari la kijeshi lililowatikisa makalio. Jeep na jipu: sikio la Mswahili lingewaambia mapema kwamba hao ni ndugu.

Tena lina uchaguzi. Hupenda vijana wenye malaika wengi, nasema wale wa mwilini, na sisi Waafrika hutupitia kwa nadra kuliko Wazungu. Mimi basi niliteuliwa.

Lakini sifa yake kubwa ni ya kisiasa, maana Juba ni mji wa viti. Mkataba wa amani ya Sudan Kusini wa 2015 uligawa viti, wa 2018 ukavigawa upya. Ukaleta makamu wa rais watano na bunge la viti 550. Uchaguzi uliopangwa Desemba 2024 ukasogezwa hadi Desemba 2026. Waliokaa wamekaa. Jipu langu halihitaji msuluhishi wala sanduku la kura: humwinua yeyote kitini kwa usiku mmoja, bila risasi, na asubuhi mwenye kiti yuko kifudifudi anaomba kisu kwa hiari yake.

Nami niliomba. Nililazwa kifudifudi, makalio yakavutwa huku na huku kwa plasta pana, ganzi ikaingia, usaha ukatoka. Wiki chache baadaye mpasuaji alirudi kukiondoa kiota chenyewe. Alinionyesha kwenye koleo kishungi cha nywele kilicholowa, kama kilichozibuliwa kwenye bomba la bafu. Nilitamani kukikana. Nikangoja sindano na uzi, hakushona. Kidonda hiki, alisema, kijae kutoka chini. Kikifunga juu mapema, ndani hubaki pango. Yupo mpasuaji wa jeshi la Ugiriki, Karydakis, aliyeandika mwaka 1973 namna ya kuusogeza mshono kando ya mfereji, usikae bondeni nywele zinakoteremkia. Mimi nilipewa shimo, na shimo lina adabu zake. Kila asubuhi muuguzi Mganda alivuta shashi ya jana pole pole, mkono baada ya mkono, kama anayetoa nyavu mtoni. "Pole mzee, inakuja." Ilikuja na roho yangu.

Kisha likaja agizo la kunyoa mahali pale mara kwa mara, nywele zisirudi kujenga. Jaribu mwenyewe kujinyoa huko. Mke wangu aliahidi mbele ya mashahidi kunitunza katika raha na dhiki, ila habari za wembe hakudokezwa. Siku hizi tukigombana hunyamaza mimi kwanza, kwa kukumbuka kwamba Jumamosi ni siku ya wembe.

Nilipopona nilirudi chini ya mwarobaini. Mama chai alinisogezea kile kiti kifupi cha plastiki, akakipangusa kwa khanga. "Karibu kiti, baba." Nikakaa ukingoni, tako moja, mkono mezani, kama mtu aliyekwisha kuonywa.