Heko Probox, na Heko Zaidi kwa Karatasi Zake

Washairi wetu wamesifu mnazi, wamesifu jahazi, wengine wamesifu mpaka tumbaku. Probox hakuna aliyeigusa. Gari linalobeba watu wa Kagaari, Kyeni na Kathanjuri, kwetu Runyenjes kule Embu, kila kukicha, likabeba ndizi zao, mbuzi wao na mara nyingine majeneza yao, halina hata ubeti mmoja. Watu wa Nairobi wakiliona hucheka. Polisi wakiliona hutabasamu, na tabasamu la polisi barabarani kila dereva anajua maana yake.

Naomba nafasi nilisifu, ila sitaanza na gari lenyewe. Gari ni bati, magurudumu manne na injini ya 1,496 cc. Kilichoipa Probox utukufu ni karatasi, na karatasi hizo ziliandikwa na dola ya Kenya kwa upendo mkubwa kuliko tunavyokubali.

Kwao Japani Probox haina cheo. Toyota ilianza kuiuza mwaka 2002 ikarithi nafasi ya Corolla ya mizigo, na tangu hapo kazi yake ni kubeba vipuri, ndoo za rangi na vitabu vya sampuli. Kiti cha nyuma ni chembamba, kimewekwa ili kikunjwe mizigo ipite. Toleo la 2014 liliongezewa kimeza cha kuvuta kwenye dashibodi ili mfanyakazi ale chakula chake cha mchana humo humo garini, na kishikio kinachoenea pakiti ya maziwa ya lita nzima. Ndiye mtu aliyefikiriwa na wahandisi: mwajiriwa peke yake, wali uliopoa, maziwa. Kisha, kwa kuwa gari limesajiliwa kuwa la mizigo, likishapita miaka yake miwili ya kwanza serikali ya huko hulidai ukaguzi kila mwaka, mpaka mwenye kampuni anachoka na kulipeleka mnadani. Halililiwi na mtu.

Heshima huanza siku mtu wa Runyenjes anapolitaka. Ghafla gari lisilo na wa kulililia linatakiwa kuonyesha ukoo wake. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, kinataka usukani uwe kulia, gari lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kati ya kutengenezwa na kusajiliwa usipite mwaka mmoja. Kabla ya kupanda meli likaguliwe breki, taa na chasisi. Tena lipimwe mionzi, maana Fukushima ya 2011 haijasahaulika. Mimi nimeishi miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuona haja ya kunipima mionzi.

Kuhusu umri, KEBS haina mzaha. Kwa mwaka 2025 mlango ulikuwa wa magari yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Lile la 2017 lilipaswa kuwa limetia nanga Mombasa kabla ya Desemba 31, 2024 kwisha, na siku ya kupakiwa melini haikuwa hoja. Meli ikikutana na dhoruba, gari hulala usiku wa mkesha likiwa halali na kuamka haramu, nalo halijasogea hata hatua moja kwa magurudumu yake. Hata hilo nalisifu. Likishavuka mlango, hakuna anayeliuliza umri tena: barabara ya Embu kwenda Meru ina magari yenye nambari za KA yaliyoingia nchini kabla baadhi ya madereva wake hawajazaliwa, nayo yanapumua moshi wake kwa amani. Ujana hudaiwa siku moja tu, siku ya kuingia. Na lile lililokataliwa kwa kupita umri laweza kushushwa bandari hiyo hiyo likavuka Kenya kwenda Uganda, ambako mwisho ni miaka 15. Inaonekana uchafu wa gari huanza pale linapotaka kukaa.

Lakini mpenzi wa kweli wa Probox ni Mamlaka ya Mapato, KRA. Wewe umenunua kilichochoka, ukapewa risiti ya kilichochoka. KRA haianzi na risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya dukani, na hesabu inaanzia huko kwenye upya, kisha inashuka pole pole kwa umri. Ndivyo wafanyavyo wazee wa ruracio, yaani mahari: hawamwulizi kijana ana nini mfukoni, wanaanza kueleza msichana alivyolelewa. Katika dunia nzima hakuna mwingine anayeikumbuka Probox ilivyokuwa katika ujana wake.

Na sifa hizo hazikomei kwenye maneno. Kwa viwango vya 2025, kila shilingi 100 za thamani waliyoiona wao hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, kwa injini isiyozidi 1,500 cc. Juu ya jumla mpya, VAT ya asilimia 16, kwa hiyo unalipa kodi ya kodi ya kodi. Ongeza asilimia 2.5 ya tamko la uagizaji na asilimia 2 ya maendeleo ya reli. Ukipiga mstari chini, zile 100 zimezaa 92 na senti zake. Umenunua gari moja, umelipia karibu mawili, na lile la pili huwezi hata kulikalia.

Zile cc 1,496 nazo zisipite bila saluti. Ni nne tu hadi mpakani. Ukivuka 1,500, ile 20 inakuwa 25. Ndiyo sababu ladha ya Wakenya katika magari imekwama kwenye 1,490 na ushei. Ukiwauliza watakuambia ni mambo ya mafuta.

Na ile ya reli, iliyoanza mwaka 2013? Runyenjes haina reli. Njia iliyo karibu ni ya kwenda Nanyuki, ambayo hupita Sagana na kuendelea na safari zake bila kutupungia mkono. Probox inayowabeba watu wetu kwa sababu reli haipo ndiyo inayochangia reli. Kwa moyo huo wa kutoa, ingekuwa mtu angekwisha kufanywa mzee wa kanisa.

Fikiria pia elimu. Mkulima wa kahawa ambaye safari yake ndefu ilikuwa kwenda kumwona mwanawe Nairobi anaanza kutamka Nagoya, Yokohama na Kobe bila kujing'ata ulimi. Anajua hati ya shehena, anajua kwa nini nakala haitoshi, anajua cheti cha Kijapani kinachosema gari limefutwa huko ili lizaliwe huku. Usiku wa manane yuko kwenye simu akiifuatilia meli katikati ya Bahari ya Hindi, mkewe akidhani ni mpango wa kando. Kisha siku moja wakala wa forodha anapiga kutoka Mombasa: "Mzee, gari imefika, lakini kuna kitu kidogo." Mzee anatulia. Amekaa Kenya miaka mingi, anajua maana ya kitu kidogo. Kumbe safari hii ni cha halali kabisa, siku za bure zimekwisha na maegesho yanahesabiwa kwa siku. Chuo gani kingemfundisha hayo, tena bila cheti cha sekondari?

Halafu mamlaka ya uchukuzi na usalama, NTSA, hulipatia gari jina, kupitia tovuti ya serikali, eCitizen. Bamba la nambari hutengenezwa katika gereza la Kamiti, yaani uhuru wako wa kutembea umepigwa chapa na watu waliofungwa. Tangu Agosti 2022 ni bamba la kizazi kipya, lenye alama za usalama, lililoanza na herufi KDK. Pale Runyenjes herufi hizo husomwa kabla ya salamu. Mwenye KB hupewa mkono, mwenye KD hupewa kiti.

Sasa njoo steji ulione kazini. Springi za nyuma zimebadilishwa kwa fundi zikawekwa nene, kwa hiyo likiwa tupu tako liko juu na pua iko chini. Haliwi tupu kwa muda mrefu. Juu kuna mikungu ya ndizi, kwenye buti kuna vijana watatu miguu ikining'inia, na kile kishikio cha maziwa kimejaa sarafu na kifurushi cha muguka, yale majani ya kutafuna. Utingo anamwita bibi mmoja mwenye kiondo.

"Shosho, ingia hapa mbele, kuna nafasi."

"Nafasi gani, mwanangu? Hapo kuna watu watatu."

"Wawili, shosho. Huyo mwingine ni dereva."

Shosho anaingia. Dereva anabaki na nusu ya kiti na mkono mmoja. Injini inawaka, na sauti ya mwanamke wa Kijapani inaanza kueleza kwa adabu kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa. Hiyo kadi haitaingizwa kamwe. Yeye hachoki kukumbusha, nasi tumemzoea; abiria mmoja humwitikia "asante" kila asubuhi. Redio nayo ilizoea masafa ya kwao yanayoanza 76 na kukoma mapema, wakati ya kwetu yanapanda hadi 108, hivyo Wimwaro FM haikusikika vizuri mpaka fundi alipofunga kidude cha kusogeza masafa. Gari likajifunza Kiembu. Yule mama wa kadi peke yake ndiye aliyekataa.

Wapo wanaolikashifu kwa mwendo wake wa alfajiri, linapobeba muguka kwenda soko la mbali kabla majani hayajanyauka. Siwezi kuutetea mwendo huo. Niliwahi kupitwa nao kwenye kona za Ena na nikasali. Lakini tazameni uaminifu wake. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, mpaka Mahakama Kuu ya Embu ilipozisimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Ina maana mji wa bandari ulioipokea Probox kwa mikono miwili ikiwa haina kitu uliikataa iliporudi na zawadi. Na Probox haikunung'unika. Ilizima taa, ikangoja mawakili.

Karatasi ina kipaji kimoja ambacho gari halina, nacho ni kukaa mahali pawili. Shule zikifunguliwa, mwenye Probox huteremka Embu mjini kwa wakopeshaji, jina la mkopeshaji linaongezwa kwenye logbuku, karo inalipwa, na gari linarudi Kathanjuri kupakia ndizi bila kujua kwamba limeolewa tena. Akija mnunuzi anaambiwa, "Karatasi ziko sawa, bosi." Ziko sawa kweli, ila ziko Embu. Bei haishuki kwa sababu hiyo. Muuzaji anafungua kisanduku cha mbele, anatoa stakabadhi ya ushuru aliyoivisha plastiki tangu siku ile, anaweka kidole kwenye jumla na kusema mazungumzo yanaanzia hapo.