Faragha ya watu milioni 24

Bwana na bibi walikwenda Shanghai, jiji la hao milioni 24, kutafuta faragha, wakachagua wiki ya Oktoba 1, sikukuu ya taifa. Heko zao. China nzima nayo ilikuwa imepata wazo hilohilo.

Siku ya kwanza walifika Bund, ukingoni mwa mto Huangpu, wautazame Mnara wa Shanghai, mita 632. Wakatazama visogo. Kwenye Barabara ya Nanjing askari walijipanga bega kwa bega wakawa ndio taa za barabarani: wakifungua unavuka, wakifunga, na mkeo kabaki ng'ambo, shauri yako.

"Baba Zawadi, uko wapi?" bibi akapiga simu.

"Niko hapa, kwenye watu."

Kesho yake, daraja la vipindo tisa pale kwenye bustani ya Yuyuan. Wenyeji husimulia kuwa lilipindwa kwa sababu shetani hajui kukata kona. Siku hiyo hata angejua, angeishia kwenye foleni. Chai je? Bwana alitoa noti. Muuzaji, aliyezoea kulipwa kwa simu, akaitazama kama barua ya marehemu babu yake.

Picha walirudi nazo tele. Katika moja, bibi kashikwa mkono kwa mahaba. Bwana anaapa mkono ule si wake.