Jinsi ya Kuitoroka FM Bila Kuhama Dodoma

Wimbo uliousikia asubuhi ukinywa chai unakungoja kwenye daladala la Nkuhungu, kisha unakupokea tena sokoni Majengo. Wimbo hauna kosa. Redio inayoishi kwa matangazo hurudia kilichokwisha kupendwa, msikilizaji asije akahama kabla ya tangazo la sabuni. Basi wewe hama, kwa hatua hizi.

1. Piga hesabu ya bando. Redio ya mtandaoni inayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula takribani MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128 hula kama MB 58. Video za umbea hula zaidi, na hujawahi kuzilalamikia.

2. Fungua tovuti ya Radio Garden, iliyozaliwa Amsterdam mwaka 2016. Utaona tufe la dunia lenye nukta za kijani, na kila nukta ina redio. Zungusha, gusa, sikiliza.

3. Tafuta vituo ambavyo mtangazaji huchagua nyimbo kwa masikio yake: FIP ya Ufaransa, iliyoanza 1971, NTS ya London, iliyoanza 2011, au KEXP ya Seattle, inayotegemea michango ya wasikilizaji.

4. Wimbo mgeni uache umalizike. Usipouelewa leo, andika jina lake uurudie kesho. Sikio nalo hufundishwa.

5. Jiandae kukutana na jirani. Hukwe Zawose, Mgogo mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, bingwa wa ala za ilimba na zeze, alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kupitia lebo ya Real World ya Uingereza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa Maisha kwa lebo hiyo hiyo. Inauma Mgogo kusifiwa London huku kijana wa mtaa wa Kisasa hajui hata sauti ya ilimba.

6. Ukishaonja, fika Chamwino uwasikie akina mama wakipiga ngoma ya muheme. Ngoma ile haimaliziki kwenye spika ya simu.

7. Mwisho, rudi FM. Kipindi cha salamu na maombi kikianza, piga simu uombe Zawose. Wakikosa, kesho piga tena, na jirani yako naye apige. Mtangazaji hupiga kinachoombwa. Tusipoomba vya kwetu, tusimlaumu.