Jinsi ya Kulinasa Neno Linalojisema

Maneno mengi yamezoea kusema habari za wengine: mvua, ng'ombe, bei ya unga. Machache hujisema yenyewe, na kuyasaka ni raha inayofundisha sarufi kuliko kukariri. Chukua penseli, ufuate hatua hizi.

1. Anza na sarufi. Liulize neno "nomino": wewe ni nomino? Naam. Limepita. Sasa liite "kitenzi". Kumbe nalo ni nomino! "Kivumishi" na "kielezi" vivyo hivyo: hutaja kazi za wenzao.

2. Hesabu maneno. "Neno moja" ni maneno mawili, basi limeshindwa. "Maneno mawili" ni mawili kweli. Lipe haki yake.

3. Hesabu silabi. Kuanzia moja hadi kumi, kila nambari ina silabi mbili, hata "nne" (n-ne). Kwa hiyo "mbili" peke yake ndiyo inayojisema.

4. Hesabu herufi. Hapa, katika hizo kumi, hakuna hata moja inayojitaja. "Mbili" ina herufi tano, "tano" ina nne, "nne" ina tatu, "tatu" ina nne. Anza na yoyote upendayo. Mwisho utazunguka kati ya nne na tatu. Wape watoto mchezo huu, wataujaribu wenyewe bila kusukumwa.

5. Tunga sentensi. "Sentensi hii ina maneno matano." Hesabu: kweli tupu. Ikanushe: "Sentensi hii haina maneno matano." Bado ni matano, maana Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe. Silabi moja tu, "ha", imegeuza kweli kuwa uongo bila kuongeza neno.

6. Malizia na neno gumu. Mwaka 1908, Wajerumani Kurt Grelling na Leonard Nelson walichapisha fumbo hili. Gawa maneno yote mafungu mawili: yanayojieleza na yasiyojieleza. Sasa lishike neno "lisilojieleza". Ukilitia fungu la pili, litakuwa limejieleza, basi lihamie la kwanza. Ukilitia la kwanza, maana yake yenyewe inalikana, basi lirudi la pili. Usililazimishe wala usilifute. Neno halina kosa. Kosa ni letu, tulioahidi kwamba mafungu mawili yatatosha.